Kikulacho ki Nguoni: Maisha ya Agatha Christie na Kitabu Kilichowagawa Wasomaji

Wako waandishi ambao vitabu vyao husomwa, vikasifiwa kwa muda, kisha vikawekwa rafuni na kusahauliwa. Wako na wengine ambao kitabu chao kimoja tu kilitosha kuwagawa wasomaji makundi mawili, hawa wakikisifu na wale wakikitupa kwa hasira, na ubishi huo ukaendelea hata baada ya mwandishi mwenyewe kuzikwa. Leo, katika ukurasa wetu huu, tumeonelea tuwasimulie wasomaji wetu wapenzi maisha ya mmoja wa waandishi wa aina hii ya pili. Naye ni Bibi Agatha Christie wa Uingereza, aliyefariki dunia mwaka 1976, na kitabu tunachokikusudia ni riwaya yake iitwayo The Murder of Roger Ackroyd, yaani Mauaji ya Roger Ackroyd, iliyotolewa mwaka 1926.

Hatukumchagua bibi huyu kwa ajili ya kupitisha wakati tu. Tunajua kwamba wako wataalamu wanaozidharau hadithi za upelelezi, wakiziona kuwa ni kama kashata: tamu mdomoni, lakini hazimshibishi mtu. Lakini kisa cha kitabu hiki kinazusha swali linalomhusu kila ashikaye kalamu na kila afunguaye kitabu. Je, baina ya mwandishi na msomaji wake pana ahadi? Na kama ipo, mwandishi anaruhusiwa kumhadaa kwa kiasi gani mtu aliyemwamini?

UTOTO WAKE

Agatha Mary Clarissa Miller alizaliwa tarehe 15 Septemba 1890 katika mji wa Torquay, ulioko pwani ya kusini magharibi ya Uingereza, katika jimbo la Devon. Baba yake, Frederick Miller, alikuwa Mmarekani aliyeishi kwa mali ya urithi. Mama yake, Clara, alikuwa mwanamke mwenye akili kali na rai zake mwenyewe juu ya malezi ya watoto. Agatha alikuwa kitinda mimba. Dada yake Madge na kaka yake Monty walimtangulia kwa miaka kumi au zaidi, kwa hiyo alikua kama mtoto wa pekee, akicheza katika bustani ya nyumba yao iliyoitwa Ashfield na kujizulia marafiki wa mawazoni.

Mama yake alishikilia kwamba haifai mtoto ajue kusoma kabla ya kutimiza miaka minane. Mtoto hakungoja. Alijifundisha mwenyewe kwa kutazama maneno ya vitabu alivyosomewa, na alipofika umri wa miaka mitano yaya wake alilazimika kwenda kuungama kwa mama kwamba bibi mdogo amekwisha kujua kusoma. Masomo yake mengi aliyapata pale pale nyumbani.

Mwaka 1901, Agatha akiwa na umri wa miaka 11, baba yake alifariki, na fedha za nyumba zilikuwa zimekwisha kupungua sana. Baadaye alipelekwa Paris kusomea muziki. Alikuwa na kipaji cha piano na sauti nzuri ya kuimba, lakini haya ilimshinda: mbele ya watu vidole vilimtetemeka na sauti ikamkauka. Haya hiyo haikumtoka hata uzeeni. Tunaitaja mapema kwa sababu, msomaji, utaona mbele kwamba mwanamke huyu aliyekuja kujulikana dunia nzima alipenda mno kujificha, na siku moja kujificha huko kulimgeuza kuwa kitendawili cha taifa zima.

SUMU NA WAKIMBIZI

Mwishoni mwa mwaka 1914, Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimekwisha kuanza, Agatha aliolewa na Archibald Christie, ofisa kijana wa jeshi la ndege. Bwana arusi alirudi vitani, na bibi arusi akaendelea na kazi ya kujitolea katika hospitali ya Torquay. Kwanza aliuguza majeruhi, kisha akahamishiwa katika chumba cha dawa. Huko alifaulu mtihani wa kuwa msaidizi wa mtoa dawa, akajifunza kwa makini dawa zipi huponya kwa kiasi kidogo na kuua kwa kiasi kikubwa. Maarifa hayo ya sumu ndiyo yaliyokuwa mtaji wake wa kwanza wa uandishi.

Kabla ya hapo dada yake Madge alikuwa amemwambia kwamba hawezi kuandika hadithi ya upelelezi. Neno hilo lilimkaa moyoni. Siku za vita zilimpa nafasi ya kulijibu, kwa kuwa katika chumba cha dawa zilikuwako saa nyingi za kungoja. Alihitaji mpelelezi, na mpelelezi huyo alimtoa miongoni mwa wakimbizi. Wajerumani walipoivamia Ubelgiji mwaka 1914, Wabelgiji wengi walikimbilia Uingereza, na baadhi yao walifika hata Torquay. Kutokana nao akamwumba Hercule Poirot, polisi mstaafu wa Ubelgiji: mtu mfupi, mwenye kichwa mfano wa yai na masharubu yaliyotunzwa kama bustani, asiyevumilia vumbi wala kitu kilichokaa upande, na ambaye huwakamata wahalifu kwa kukaa kitini na kufikiri.

Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada wake. Hatimaye kampuni ya The Bodley Head iliupokea, na riwaya ya The Mysterious Affair at Styles ikatoka Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka 1921. Mwandishi mpya alipata paundi 25 tu, na mkataba aliotia sahihi ulimfunga kuwapa wachapishaji hao vitabu vingine vitano. Waandishi wetu chipukizi wanaotia sahihi mikataba kwa furaha bila ya kuisoma wana la kujifunza hapa.

Mwaka 1922 alifuatana na mumewe katika safari ya miezi kumi ya kuyazunguka makoloni ya Uingereza, kutangaza maonyesho makubwa ya biashara. Alifika Afrika ya Kusini na Rhodesia ya Kusini, akayaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo Waingereza waliyaita kwa jina la malkia wao. Safari hiyo iliingia katika riwaya yake ya mwaka 1924, The Man in the Brown Suit. Baada ya kuutimiza mkataba ule uliomfunga, alihamia kwa wachapishaji wa Collins, na kitabu cha kwanza alichowapa ndicho hiki kilicholeta mzozo.

KISA CHENYEWE

Wazo la kitabu hicho halikuwa lake peke yake, wala hakulificha jambo hilo. Shemeji yake, James Watts, mume wa Madge, alikuwa amemdokezea mtu wa aina fulani ambaye ingefaa siku moja awe ndiye muuaji katika hadithi. Bwana mkubwa mmoja wa ukoo wa kifalme, Lord Louis Mountbatten, naye alimwandikia barua yenye shauri lililofanana na hilo. Kutoa shauri ni rahisi. Kazi ilikuwa ni kulitekeleza bila ya kumwongopea msomaji, na bibi huyu alilifikiri kwa muda mrefu kabla ya kulitia katika maandishi.

Hadithi yatokea katika kijiji kiitwacho King's Abbot. Bwana Poirot amestaafu, amekodi nyumba ndogo, na sasa kazi yake ni kulima mamung'unya, ambayo hayamtii. Jirani zake ni daktari wa kijiji na dada yake Caroline, mwanamke ambaye hatoki nyumbani lakini kila habari humfikia. Mjane mmoja tajiri, Bibi Ferrars, anakutwa amekufa kwa kumeza dawa ya usingizi kupita kiasi. Yasemekana alimwua mumewe kwa sumu, na kwamba mtu mmoja aliyeijua siri hiyo amekuwa akimkamua fedha mwaka mzima ili asimseme. Kabla ya kufa alimpelekea rafiki yake, Bwana Roger Ackroyd, barua yenye jina la mkamuaji huyo. Barua yafika jioni. Usiku ule ule Bwana Ackroyd anakutwa katika chumba chake cha kusomea, amechomwa jambia shingoni, na barua haipo.

Nyumba imejaa watu wenye sababu za kuitamani mali ya marehemu. Yuko mtoto wake wa kambo, Ralph Paton, aliyezama katika madeni na ambaye ametoweka usiku huo huo. Yuko shemeji, yuko mpwa, yuko katibu, wako watumishi wenye siri zao. Kila mmoja anaficha jambo, na Poirot anawafichua mmoja baada ya mmoja kama mtu amenyavyo kitunguu, mpaka anafika katikati.

Muuaji ni nani? Hilo hatulisemi. Siri ya hadithi ya upelelezi ni amana, na wako wasomaji wetu ambao bado hawajakipata kitabu hicho. Tutasema hili tu, kwa kuwa bila ya hili ugomvi wenyewe hauwezi kueleweka: muuaji ni mtu ambaye, kwa desturi ya hadithi hizo, msomaji alikuwa amezoea kumwona kuwa hana hatia hata kabla ya kuanza kusoma. Wengine wote aliwashuku. Huyu hakumshuku, kwa sababu hakudhani kwamba inaruhusiwa kumshuku. Wahenga wetu walikwisha kuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, lakini msomaji wa Kiingereza wa mwaka 1926 hakuitafuta kunguni katika nguo yake mwenyewe.

WASOMAJI WAGAWANYIKA

Hadithi hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa kidogo kidogo katika gazeti moja la jioni la London mwaka 1925. Ilipotoka kama kitabu, mwezi wa Juni 1926, ubishi ukawaka. Wako wasomaji waliojiona wametapeliwa. Walisema kwamba wamekuwa wapenzi wa mwandishi huyu tangu mwanzo, na sasa amewachezea. Wakaapa kutonunua tena kitabu chake. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kuwa hadithi ya upelelezi ni kama mchezo wa bao: wachezaji wawili wanakaa, kete zote ziko wazi, na mwenye akili zaidi ndiye anayeshinda. Mchezaji mmoja akigeuza kanuni katikati ya mchezo, kushinda kwake si kushinda.

Mwandishi wa Marekani aliyejulikana kwa jina la S. S. Van Dine, ambaye naye alikuwa bingwa wa hadithi hizo, aliandika mwaka 1927 kwamba hila iliyotumika katika kitabu hicho si halali. Mwaka uliofuata akatoa kanuni zake 20 za uandishi wa riwaya za upelelezi, na mojawapo inakataza mwandishi kumfanyia msomaji hila yoyote isipokuwa zile ambazo mhalifu mwenyewe anamfanyia mpelelezi.

Upande wa pili alisimama mwanamke mwingine aliyekuwa hodari wa kazi hiyo hiyo, Dorothy Sayers. Yeye alimtetea mwenziwe bila ya kusitasita. Kwa maoni yake, kazi ya msomaji wa hadithi ya upelelezi ni kumshuku kila mtu, bila ya kumbakiza hata mmoja. Ikiwa msomaji amejichagulia mtu wa kumsamehe kabla ya kesi kusikilizwa, basi kosa ni lake.

Sisi wenyewe tulipokisoma kitabu hicho kwa mara ya kwanza tulikuwa katika kundi la wenye hasira. Tulipofika mwisho tulirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, tukiutafuta uongo wa mwandishi ili tumkamate. Hatukuuona. Kila sentensi tuliyoikumbuka kuwa ya uongo tuliikuta ni ya kweli, ila sisi ndio tuliokuwa tumeipita mbio. Mahali fulani palikuwa na dakika chache ambazo hazikuelezwa, na sisi hatukuuliza zilikwenda wapi. Mwandishi hakusema uongo; alinyamaza. Tukamwazima kitabu mwenzetu mmoja wa kazini, naye akakirudisha baada ya siku tatu akisema kuwa kunyamaza namna hiyo ni uongo uliovaa kanzu safi. Hatukupatana, na mpaka leo hatujapatana.

MWAKA WA MSIBA

Sasa na tuyarudie maisha ya bibi mwenyewe, maana mwaka ule ule uliomletea sifa ndio uliomletea msiba.

Mwezi wa Aprili 1926 mama yake alifariki. Agatha alikwenda Ashfield kuifungua nyumba aliyozaliwa na kupanga vyombo vya marehemu, akifanya kazi hiyo siku nyingi karibu peke yake, huku amedhoofika kwa huzuni. Mumewe hakukaa naye katika kilio hicho. Mwezi wa Agosti, miezi miwili tu baada ya kitabu kutoka, Archibald alimwambia kwamba anampenda mwanamke mwingine, Nancy Neele, na kwamba anataka talaka.

Mwandishi aliyewafundisha maelfu ya watu wasimsamehe yeyote katika orodha ya washukiwa hakuwa amemshuku mtu aliyelala naye chumba kimoja.

Usiku wa tarehe 3 Desemba 1926 alitoka nyumbani kwake Sunningdale kwa motokaa. Asubuhi yake gari lilikutwa limeachwa mahali paitwapo Newlands Corner, karibu na mji wa Guildford, likiwa na koti lake na leseni yake ya udereva ndani yake. Mwenyewe hakuonekana. Mamia ya polisi na watu wengi wa kujitolea waliingia porini na madimbwini kumtafuta. Ndege nazo zikarushwa. Magazeti yaliandika habari zake kila siku. Sir Arthur Conan Doyle, muumba wa Sherlock Holmes, ambaye uzeeni aliamini mambo ya mizimu, alichukua glovu ya bibi huyo akampelekea mpiga ramli. Dorothy Sayers alikwenda kupatazama mahali gari lilipokutwa. Polisi walimtazama mume kwa jicho la shaka.

Siku ya kumi na moja, tarehe 14 Desemba, alipatikana mzima katika hoteli moja ya mji wa Harrogate, kaskazini ya Uingereza. Alikuwa amejiandikisha kwa jina la Bibi Neele, jina la mwanamke aliyemnyang'anya mume, na kujifanya mgeni aliyetoka Cape Town. Wapiga muziki wa hoteli ndio waliomtambua. Madaktari walisema amepotewa na kumbukumbu.

Na hapa tena wasomaji wakagawanyika. Wako waliomhurumia. Wako walioghadhibika, wakisema kuwa amefanya hila ili vitabu vyake vinunuliwe, na kwamba fedha za umma zimepotea bure porini. Wengine walisema alitaka mumewe atuhumiwe kwa mauaji. Tukiyatazama mambo hayo leo tunaona jambo la kusikitisha: watu walimhukumu mwanamke aliyejeruhiwa kama wanavyomhukumu mtu wa riwaya, kila mmoja akipeleleza, kila mmoja akitaka sura ya mwisho yenye maelezo kamili. Sura hiyo hawakuipata. Kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe, kilichotolewa mwaka 1977 baada ya kufa kwake, kinazipita siku zile kumi na moja kimya, kama yule mtu wa hadithi alivyozipita dakika zake.

KITABU KIKAMLIPA

Talaka ilitolewa mwaka 1928. Mwaka huo huo riwaya ya Roger Ackroyd ilitengenezwa kuwa mchezo wa kuigiza jukwaani London, kwa jina la Alibi, na Charles Laughton akaigiza nafasi ya Poirot. Bibi Christie hakupendezwa, kwa kuwa waliotengeneza mchezo walimwondoa Caroline, yule dada wa daktari, wakaweka msichana mrembo mahali pake. Yeye aliwapenda wanawake wazee wasioolewa, wanaoketi dirishani na kujua mambo ya kijiji kizima. Kutokana na mapenzi hayo alimkuza mpelelezi wake wa pili, Bibi Marple, aliyeonekana katika riwaya kwa mara ya kwanza mwaka 1930.

Mwaka 1928 alipanda garimoshi la Orient Express, peke yake, akaenda mpaka Baghdad, na kutoka huko akafika Ur, mji wa kale wa Iraq, ambako Leonard Woolley alikuwa akifukua makaburi ya wafalme. Wageni wa kawaida hawakukaribishwa vizuri pale. Lakini mke wa Woolley, Bibi Katharine, alikuwa amekisoma kitabu cha Roger Ackroyd na kukihusudu mno. Hivyo mwandishi wake alipokewa kama malkia, akaalikwa kurudi tena. Aliporudi mwaka 1930 alitembezwa nchini na kijana mmoja msaidizi wa Woolley, jina lake Max Mallowan, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 14. Mwezi wa Septemba mwaka huo walioana, na ndoa yao ilidumu mpaka alipokufa.

Kwa hiyo kitabu kilichowafanya baadhi ya wasomaji waapishane kutomsoma tena, ndicho kilichomfungulia mlango wa nyumba ya pili. Tangu hapo kwa miaka mingi alifuatana na mumewe Iraq na Syria katika kazi ya kuchimbua mambo ya kale, akipiga picha, akiandika orodha za vitu vilivyopatikana, na huko Nimrud alizisafisha pembe za ndovu za kale kwa mafuta yake ya kupaka usoni. Humo humo mahemani aliendelea kuandika. Murder on the Orient Express ilitoka mwaka 1934, na Death on the Nile mwaka 1937.

LAWAMA NYINGINE

Tusidhani kwamba hasira za mwaka 1926 zilikuwa za mwisho. Mwaka 1944 Raymond Chandler wa Marekani aliandika kwa ukali juu ya hadithi za Kiingereza za aina hiyo, akiona kuwa mauaji yake ni ya kupangwa mezani wala si ya mitaani ambako watu huuana kweli. Mwaka 1945 mhakiki Edmund Wilson aliandika makala iliyouliza, katika kichwa chake, ni nani anayejali aliyemwua Roger Ackroyd. Hoja kubwa ya Wilson ilikuwa kwamba watu wa hadithi hizi hawana damu: wamekatwa kwa karatasi, na msomaji akishajua muuaji hana la kurudia. Kuna ukweli katika maneno hayo. Msomaji anayetafuta moyo wa binadamu ulivyo hatautosheka kwa Poirot peke yake.

Lawama nyingine inatuhusu sisi Waafrika zaidi. Riwaya yake ya mwaka 1939, ambayo leo inaitwa And Then There Were None, ilitolewa Uingereza kwa jina lililokuwa na neno la kuwatusi watu weusi, lililotoka katika wimbo wa watoto. Marekani jina hilo lilibadilishwa tangu toleo la kwanza la mwaka 1940, lakini Uingereza liliendelea kuchapwa katika baadhi ya matoleo hata miaka ya 1980. Inakadiriwa kuwa kitabu hicho kimenunuliwa nakala zaidi ya milioni 100. Kuna wanaosema kuwa ndivyo desturi ya wakati ule ilivyokuwa. Sisi twasema kwamba aliyetukanwa alikuwako wakati ule ule, naye alisikia. Kumsifu mwandishi kwa ustadi wake hakutulazimishi kufumba macho mbele ya kosa hilo.

WAMALIZAJE UBISHI?

Bibi Christie aliandika riwaya za upelelezi 66, mbali na hadithi fupi, michezo ya kuigiza, na riwaya sita za mambo ya mapenzi na maisha alizozitoa kwa jina la Mary Westmacott. Mchezo wake wa The Mousetrap ulianza kuonyeshwa London mwezi wa Novemba 1952, na haukusimama mpaka maradhi ya korona yalipofunga majumba ya michezo mwezi wa Machi mwaka 2020. Mwaka uliofuata ukaanza tena. Mwaka 1971 alipewa heshima ya Dame na malkia wa nchi yake. Mwaka 1975 alitoa riwaya ya Curtain, ambamo Poirot anakufa, na gazeti la New York Times likatangaza kifo hicho katika ukurasa wa mbele kana kwamba amekufa mtu wa kweli. Mwenyewe alimfuata tarehe 12 Januari 1976, akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa katika kijiji cha Cholsey. Nakala za vitabu vyake zilizouzwa dunia nzima zinakadiriwa kupita bilioni mbili.

Na Roger Ackroyd je? Mwaka 1998 mwalimu mmoja wa fasihi wa Ufaransa, Pierre Bayard, alitoa kitabu kizima akidai kwamba Poirot alikosea, na kwamba muuaji ni mtu mwingine kabisa. Mwaka 2013 chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kiliwapigisha kura wanachama wake, wakakichagua kitabu kile kile kilichoitwa cha utapeli kuwa ndicho riwaya bora ya uhalifu iliyopata kuandikwa. Makosa ya mwaka 1926 yamegeuka kuwa somo la waandishi.

Wasomaji wa Kiswahili nao si wageni wa ubishi huu. Tangu Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipomtoa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hadithi za upelelezi zimekuwa na wapenzi wengi katika lugha yetu, na zimekuwa pia na wanaoziona kuwa ni mchezo usio na faida. Kwa maoni yetu, faida ipo. Kitabu kinachomfundisha mtu kurudi nyuma, kusoma tena alichokipita mbio, na kuuliza kwa nini alimwamini huyu na kumshuku yule, kimemfundisha jambo litakalomfaa atakapolikunja na kurudi katika maisha ya kila siku, ambako mikataba hutiwa sahihi, viongozi huchaguliwa na ndoa hufungwa.

Lakini yule mwenzetu wa kazini naye ana haki yake. Msomaji akifungua kitabu anamkabidhi mwandishi saa zake na imani yake, na vyote viwili havirudi. Mwandishi anayetaka kumhadaa msomaji wake na awe na uhakika kwamba msomaji huyo, akirudi nyuma kwa hasira kutafuta uongo, hatauona. Bibi Christie alikuwa na uhakika huo. Wengi waliomwiga hawakuwa nao, na vitabu vyao vimesahauliwa.

Atakayekipata kitabu hicho na akisome kwa utulivu, achague upande wake. Tunamwomba jambo moja tu: akishamaliza, asimwambie jirani yake mwisho wake.